Mzani wa Kuuzia

Jina la nchi yetu sitalitaja, msinilaumu. Sheria inasema anayelitamka lazima awe amesimama wima, mikono ubavuni, na mimi nasimulia haya nimeketi kwenye kigoda kwa sababu miguu haina nguvu. Basi tuiite nchi yetu, inatosha. Ni nchi nzuri sana. Ina amani, ina bendera, ina wizara nyingi kuliko visima, na hakuna mtu anayelalamika. Ofisi ya Kupokea Malalamiko ilifungwa zamani kwa kukosa wateja. Wale wa mwisho walioingia mle, ndugu zao bado wanawasubiri nje.

Yaliyotokea yalimpata dada yangu Siwema, fundi cherehani, tumbo moja na mimi. Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Alikuwa mwanamke wa mwili, mnene wa kupendeza, na akianza kucheka hata cherehani inabidi isimame. Mtaa mzima ulimwita Bi Siwema. Mimi aliniita Shaweji mdogo wangu, hata nilipoota mvi.

Siku moja tulikuwa harusini. Amekula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, bado hata bibi harusi hajatolewa, nikamwona dada kajikunja, mkono kaubana chini ya mbavu za kulia, jasho linamtiririka. Maumivu yalipanda hadi begani. Nikampeleka Hospitali Kuu ya Wananchi, tukampata Daktari Malogo, kijana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Akampiga picha ya tumbo, akatuonyesha.

"Mama, mfuko wako wa nyongo umejaa mawe," akasema. "Dawa yake ni kuutoa. Kazi ya saa moja tu, halafu utarudi kushona."

"Lini, mwanangu?" dada akauliza.

Daktari akautazama mlango kwanza. "Mimi ningesema kesho asubuhi. Lakini hapo katikati kuna Serikali."

*

Nchi yetu ilikuwa imeshagundua kwa nini foleni ya upasuaji ni ndefu. Wajinga kama mimi tungedhani ni kwa kuwa chumba cha upasuaji ni kimoja, dawa ya usingizi huja kwa msimu kama maembe, na ile taa kubwa ya chumba hicho iliazimwa kwenda kumulika sherehe za viongozi, haijarudi. Sivyo. Wataalamu walikwenda ng'ambo kutafiti, wakarudi na masanduku mapya na jibu moja: wananchi ni wazito. Mwananchi mzito anakichosha kitanda, anamchosha daktari, anaichosha nchi.

Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Wepesi. Hakuna kupasuliwa kwa yeyote aliyezidi kilo sabini. Waheshimiwa waliiunga mkono kwa kupiga meza, na meza mbili zikavunjika. Sheria ilieleza vizuri kwamba haiwagusi viongozi, kwani uzito wa kiongozi ni uzito wa majukumu.

Pale hospitali akaletwa Mkuu wa Mzani, Bwana Nakuchima. Alipewa sare, filimbi, na ofisi iliyokuwa zamani wodi ya wazazi. Wazazi walihamishiwa varandani, wakaambiwa upepo ni mzuri kwa watoto. Funguo za chumba cha upasuaji alizivaa yeye kiunoni, ili daktari yeyote asije akashawishika kumtibu mtu kabla hajapimwa. Mzani wenyewe ulikuwa wa chuma, mkubwa, umepakwa rangi za bendera.

Dada akapanda. Filimbi ikalia.

"Tisini na nne," akasema Bwana Nakuchima. "Mama, una kilo ishirini na nne ambazo si zako."

"Ni za nani, baba?"

"Za taifa. Zirudishe."

*

Daktari Malogo alituvuta pembeni akatuambia maneno ya mtu mwenye akili. Mafuta aache, tui aache, vya kukaanga asivitazame. Ale mchicha, samaki wa kuchemsha, matango, papai, na jioni atembee. "Lakini usishinde na njaa, mama. Punguza polepole. Mtu akijinyima kwa ghafla, mawe ndiyo yanaongezeka."

Redioni Wizara ilikuwa inasema lake. Kulikuwa na Operesheni Kauka, na wimbo wake, na mtangazaji mwenye sauti nene akiwahimiza wananchi wazalendo wale mara moja kwa siku, tena kwa kutafakari. Dada akaizima redio. Alimfuata daktari. Mwanamke aliyezaliwa na kukulia kwenye nazi akala mchicha wa maji na chumvi, jioni akazunguka uwanja wa shule kanga kajifunga kiunoni. Maumivu yakimjia anasimama, anashika mti, yakipita anaendelea. Mimi nilitembea nyuma yake na chupa ya maji.

Na mtaa wetu mnaujua. Mtu akinenepa wanasema kaiba, akikonda wanasema karogwa. Somoe, jirani yetu, akaja na sahani ya maandazi kaifunika kwa kitambaa.

"Shoga, unaisha. Huyu Shaweji hakulishi?"

"Nalishwa na Serikali," dada akamjibu. "Mchicha asubuhi, mchicha jioni. Hayo maandazi wape watoto kabla sijayaona."

Gauni lake la kijani, lile la kuendea hospitali, alilifumua akalipunguza. Baada ya muda akalipunguza tena, na tena. Vile vipande alivyovikata vilimtosha kumshonea binti wa Somoe sketi nzima. Basi siku ya kupimwa alikwenda anatabasamu, maana fundi hadanganywi na kitambaa.

"Tisini na tano," akasema Bwana Nakuchima.

Dada akacheka, akidhani anataniwa. "Bwana mkubwa, gauni hili nimelipunguza mara tatu."

"Mzani haujui mambo ya gauni. Pengine umepanda na mawazo. Mawazo yana uzito, mama. Kuna benchi pale nje la kuachia mawazo."

Msidhani natia chumvi. Benchi lilikuwepo, na watu walikuwa wamelijaa, wagonjwa wa ngiri, wa mabusha, wa uvimbe, wamekaa kimya wanajitahidi kutowaza kitu. Dada akakaa nao hadi jua la utosi. Aliporudi juu ya mzani akaambiwa tisini na tano na nusu, kwa sababu sasa alikuwa na hasira.

*

Wakatuita semina. Wagonjwa wote wanaosubiri kupasuliwa wafike ukumbini kufundwa jinsi ya kupungua, na wasipofika majina yao yanarudishwa mkiani mwa foleni. Mwezeshaji alitoka makao makuu. Alipanda jukwaani kwa kusaidiwa na watu wawili, akahema, akaomba kiti, akatueleza ubaya wa kula. Alieleza kwa muda mrefu sana. Kisha milango ikafunguliwa, vikaingia vyakula vya mchana: biriani inayong'aa samli, kuku wa kukaanga, sambusa, na keki yenye picha ya Waziri.

"Karibuni," akasema mwezeshaji. "Na mjue chakula hiki ni zawadi ya Mheshimiwa Waziri. Atakayeacha tutajua ana kinyongo na nani."

Maofisa wakapita kati ya meza na kamera. Ilibidi kila mgonjwa apigwe picha akiwa anatafuna na anashukuru. Dada aliomba apewe tango. Ofisa akamwambia tango halionekani vizuri kwenye picha.

Alikula matonge mawili, mimi nikiwa pembeni yake nasaga meno. Tonge la tatu hakulifikisha. Alianguka chini ya meza akishika ubavu, na mwezeshaji akaagiza kwenye taarifa iandikwe kwamba washiriki waliguswa sana na mada. Nilitaka kumtandika. Nasema waziwazi, nilitaka kumtandika yule mtu na sahani yake, ila mikono yangu ilikuwa imembeba dada.

Ndipo nilipoona jambo. Nilimpakia kwenye baiskeli kumrudisha nyumbani. Zamani dada akipanda, tairi la nyuma linalala na spoku zinalia. Safari hii nilipanda kilima cha msikitini bila kushuka.

*

Siku nyingine ya kupimwa, ninamshika asianguke, nikaona ubavuni mwa mzani rangi imebanduka. Chini yake pameandikwa DUKA LA TAIFA, SUKARI NA MBOLEA.

Hapa wageni niwaeleze, wenyeji wanajua. Nchi yetu ina mizani ya aina mbili, kisheria kabisa. Upo mzani wa kununulia, unaokaa kwenye vituo vya mazao. Ukipeleka ufuta wako, gunia ulilolibeba na mkeo mkipokezana, mzani huo unaliona kama kuku wa kienyeji. Na upo mzani wa kuuzia, wa Duka la Taifa. Huo ukipima mfuko wa sukari ambao mtoto anaubeba kwapani, unasoma uzito wa mtu mzima. Tumezaliwa tumeikuta. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba Serikali ikipokea hupungukiwa na ikitoa huzidiwa, tukaandika, tukafaulu. Hatujawahi kugombana kwa ajili ya sukari. Sukari si ndugu yako.

Nikamwendea Bwana Nakuchima ofisini. Nikamwambia kwa adabu zote, shikamoo kwanza, kwamba mzani ule ni wa kuuzia, na nikamwomba dada yangu akapimwe kwenye ule wa kununulia ufuta, si mbali, nitampeleka mwenyewe.

Akanihurumia. Aliniangalia kweli kwa huruma. "Shaweji, shule ulikwenda? Mzani wa kununulia ni pale Serikali inapopokea kitu kwa mwananchi. Mzani wa kuuzia ni pale Serikali inapompa mwananchi kitu. Haya, upasuaji. Serikali inapokea au inatoa?"

"Inatoa."

"Umejijibu mwenyewe."

"Lakini mzee, anapimwa mtu. Haipimwi sukari."

"Na ndiyo maana hatujamtoza ushuru wa sukari," akasema, akapuliza filimbi, mgonjwa mwingine akaingia.

Nilitoka pale. Nikawaeleza wale wa kwenye benchi. Mzee mmoja mwenye ngiri akaniambia wao walishajua tangu siku ya kwanza, kila mkulima anajua mlio wa mzani wa kuuzia. Nikamuuliza kwa nini basi wanajinyima. "Sasa ungetaka tufanye nini, mwanangu?" akaniambia. "Wakituona tunakula watasema hatutaki kupona."

*

Macho ya dada yakageuka manjano. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, na homa ikampanda na baridi kali, kanga tatu hazitoshi. Nikamkimbiza kwa Daktari Malogo. Akambonyeza tumbo kidogo tu, dada akauma ukingo wa shuka.

"Jiwe limetoka kwenye mfuko, limeziba njia ya nyongo," daktari akaniambia kule koridoni. "Hii haisubiri, kaka. Hii ni leo."

Tulikwenda wote wawili kwa Bwana Nakuchima. Daktari alimwomba funguo. Nitamsifu yule kijana, aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, mwisho akapiga magoti, daktari mzima, koti jeupe sakafuni.

"Inuka, utachafua koti la Serikali," akasema Bwana Nakuchima. "Mna bahati. Kesho Mheshimiwa Waziri anakuja kuzindua jukwaa jipya la mzani. Mgonjwa wa kwanza atakayepimwa mbele yake, akionekana anafaa, atapasuliwa hapohapo. Namweka mama yenu wa kwanza. Mnataka nini tena?"

"Mzani ni uleule," nikasema.

"Mbele ya Waziri hakuna linaloshindikana."

Mtu anayezama hushika hata povu. Tuliamini. Daktari akaanza kumwekea dada dripu na sindano za homa, akachemsha vifaa vyake, akaazima taa mbili za chemli na tochi ya mlinzi ili zisaidie pale ilipokuwa taa kubwa. Mimi nilikaa na dada. Alikuwa amebaki macho na mifupa, gauni la kijani limekuwa shuka.

"Shaweji mdogo wangu," akaniambia, "mimi sitaki makubwa. Waniondolee tu haya mawe. Nikipona nitakula chapati moja ya mafuta, moja tu, halafu nitatubu."

"Nitakupikia mwenyewe."

"Wewe? Basi niache nife," akasema, akacheka, akaumia kwa kucheka.

*

Uwanja wa hospitali ulifagiliwa, miti ikapakwa chokaa, wagonjwa wenye vidonda wakafichwa nyuma ya jiko. Mzani ulikuwa umenyanyuliwa juu ya jukwaa la saruji lenye ngazi, kwa heshima. Mtu mzima mwenye afya angepanda ngazi zile akahema. Hakuna aliyefikiri mgonjwa atazipandaje.

Akaja Mheshimiwa Mshindo, Waziri wa Afya na Wepesi wa Wananchi. Aliwekewa viti viwili kule jukwaani na akavijaza vyote. Kulikuwa na ngoma, kwaya na ratiba. Ratiba ya nchi yetu ni kitu kitakatifu, na juu yake imeandikwa kwa herufi nene: Waziri akizungumza hakatizwi.

Nikamleta dada kwenye kiti cha magurudumu hadi chini ya ngazi. Daktari Malogo alisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji, ameshavaa glovu, mikono ameinua kama wanavyofanya. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

"Hawezi kupanda," nikasema.

Waziri akaziona kamera. Akashuka, akafungua vifungo vya koti, na mwenyewe, kwa mikono yake, akamnyanyua dada yangu. Kipaza sauti kilikuwa kwenye kola yake. Tulimsikia uwanja mzima.

"Alaa! Mbona mwepesi hivi? Kama kapu tupu."

Pale benchini watu waliinua vichwa. Yule mzee wa ngiri alisimama. Waziri akapanda ngazi na dada mikononi bila hata kuhema, yeye anayehema akifunga kamba za viatu. Akamweka juu ya mzani. Filimbi ikalia.

"Tisini na sita," akatangaza Bwana Nakuchima.

Waziri akautazama mzani, akaitazama mikono yake. Daktari Malogo akasema kutoka mlangoni, bila kupaza sauti sana, "Mheshimiwa, si umembeba mwenyewe."

Nilimwona Waziri akifikiri. Wallahi nilimwona, na kwa kitambo kidogo nilimpenda yule mtu. Halafu mpiga picha mmoja akasema hakuwahi kumpata vizuri, akamwomba ambebe tena. Waziri akamnyanyua dada kifuani, akageukia kamera, akaanza hotuba.

"Ndugu wananchi! Leo nimepata mtihani. Mikono yangu imeniambia jambo moja na mzani umeniambia jingine. Mikono hii nilipewa na mama yangu, mwanamke wa kawaida, hakusoma. Mzani umetolewa na Serikali. Sasa nani kati yetu atasema kwamba mama yangu ni mkubwa kuliko Serikali?"

Makofi.

"Nakiri hadharani mikono yangu imekosea. Wiki ijayo itakwenda ng'ambo kuchunguzwa." Makofi tena. Akaendelea. Akaeleza historia ya mizani tangu uhuru. Akawashukuru waliojenga jukwaa, kwa majina. Akaeleza maana ya kila rangi iliyopakwa. Dada alikuwa mikononi mwake, kichwa kimelala kwenye tai ya Waziri, na mimi kutoka chini niliona pumzi yake inavyohangaika.

Daktari Malogo akatembea kuja jukwaani. Walinzi wawili wakamdaka, wakamkalisha chini na glovu zake. Nikaanza kupanda ngazi mimi. Mlinzi wa tatu akanishika shati.

"Kipengele cha ndugu wa mgonjwa bado," akaninong'oneza. "Unatoa shukrani baada ya hotuba."

"Dada yangu anakufa."

"Waziri anazungumza."

Mkono wa dada ukateleza kutoka begani kwa Waziri, ukaning'inia. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, ninavijua. Sikuona tena pumzi. Nikasema amekufa. Nikasema kwa sauti, mara mbili, na kwaya ikatazama chini, na mlinzi akanikaba vizuri zaidi. Waziri alikuwa amefika kwenye mafanikio ya Wizara yake.

Hotuba ilikuwa ndefu. Jasho likaanza kumtoka. Akambadilisha dada kutoka mkono huu kwenda huu, akampandisha kifuani, dada akateremka tena, magoti yakalegea kidogo. Mara uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyesamehewa.

"Ndugu wananchi, sasa namsikia!" akasema. "Sasa ni mzito! Mnaona wenyewe? Mzani ulikuwa sahihi."

Makofi yakapigwa, maana yalikuwa kwenye ratiba. Mlinzi naye akaniachia ili apate mikono ya kupigia. Nikapanda ngazi, nikamnyang'anya Waziri dada yangu mbele ya kamera zao zote, nikampokea kifuani.

Mwongo. Alikuwa mwepesi.